Nani Anafungua Vifurushi vya Mirontsy

Magoudjou, Moroni

Dada yangu Mwanaidi,

Kabla sijakuuliza hali, ujue kwamba anayekuandikia ni mtu aliyezaliwa na bahati kiganjani. Duka langu hapa Moroni lina milango miwili, mmoja wa wateja kuingilia na mmoja wa kutokea wakiwa wameridhika. Nikituma kitu, kinafika kimeongezeka. Umeniandikia kwamba Mama ameifurahia ile miwani, na kwamba sasa anasoma juzuu yake bila kuinyooshea mkono mpaka mlangoni. Mwambie miwani si kitu. Mwanawe akiamua atamletea na macho mapya.

Haya, salamu sasa. Hujambo, dada? Shemeji hajambo, na ule mgongo wake unaouma siku za kulima tu? Mama anakula, au bado anasema ameshiba kwa harufu? Mimi ni mzima, ila nimekonda kwa fikra. Sababu zake ndizo zimenifanya nikae kitako nikuandikie, mimi niliyeacha kalamu darasa la nne nikiwa nimeshaelewa dunia inakokwenda.

Natumaini ulipoichana bahasha hii uliitazama kwanza. Kama hukuitazama, iokote ulikoitupa. Kingo zake nimezibandika utepe wa karatasi, na juu ya utepe nimepitisha sahihi yangu. Kama mistari ya sahihi haikutani, kuna mtu amesoma kabla yako. Na kama ni shemeji, salamu zake nimeshazitoa hapo juu, asijifanye hakuziona.

Usinicheke. Huku tumefundishwa kushuku. Visiwa vimegombana, dada. Watu wa kisiwa cha Nzuani wamesema hawataki tena kuwa chini ya Moroni, Moroni wamesema hamwendi popote, na sisi tuliooa upande mmoja tukachumia upande wa pili tumebaki katikati kama nyama ya sambusa. Vijana wa hapa walipoanza kupita mitaani wakiuliza nani Mnzuani, nilimrudisha mke wangu Hadija kwao Nzuani, Mirontsy, pale ubavuni mwa Mutsamudu. Unajua huku nyumba ni ya mwanamke. Mume ni mgeni anayelala. Kwa hiyo yeye amerudi kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu mama yake, na mimi nimebaki Magoudjou kwenye chumba cha kupanga, nikilinda duka. Simu za huko zimekatwa. Meli haziendi. Kila mtu anamtazama mwenzake kama mwenye kitu kwapani.

Vifurushi vyangu alikuwa akivichukua Bweni Sitti. Bweni ndiyo Bi ya huku. Ni mfanyabiashara wa Mutsamudu, mama mnene mwenye jamaa hapa kusini, Vouvouni, na anapita kati ya visiwa kwa njia anazozijua yeye na Mola wake. Amewahi kukaa Unguja, Kiswahili anakisema kama anakidai. Nikimpa boksi, analipima kwa mkono mmoja, ananitazama, anasema, "Haya, mfalme." Tangu mwanzo sikuipenda ile "mfalme."

Mara ya kwanza nilimtumia Hadija sabuni, maziwa ya kopo na majani ya chai. Kidogo, ndiyo, kwa sababu ya uzito. Bweni Sitti akarudi na kikaratasi cha Hadija: "Mume wangu, vitu vimefika. Ahsante kwa shiromani. Mashangazi wameisifu sana rangi yake."

Shiromani, dada, ni ile nguo kubwa wanayojitanda wanawake wa Nzuani. Bila hiyo hawavuki kizingiti. Ni nguo ya thamani. Na mimi sikutuma shiromani.

Nilisoma kikaratasi mpaka kikalainika. Nikasema labda kachanganya, labda furaha. Nikatuma tena, sabuni na sukari. Jibu likaja: "Ahsante kwa shiromani nyingine, na kwa marashi."

Hapo nikaweka kikombe chini. Kuna mtu huko Mirontsy anampa mke wangu nguo kupitia boksi langu. Anafungua, anatia zake, anafunga, na mimi ndiye ninayeshukuriwa. Umewahi kusikia wizi wa namna hiyo? Mwizi wa kawaida anatoa. Huyu anatia. Na mwanamume anayetia nguo kwenye boksi la mke wa mtu hatafuti thawabu.

Utasema, si ungemuuliza Hadija? Ningemuulizaje, dada? Neno langu linapita kinywani mwa Bweni Sitti, na karatasi yangu inasomwa mbele ya mashangazi. Nikiuliza "shiromani gani?" nimeshakiri kwamba sikutuma. Mume wa bara, tena mwenye duka, akiri mbele ya wanawake wa Mirontsy kwamba alituma sabuni? Nikanyamaza, nikaendelea kushukuriwa.

Mtu wa kumshuku nilikuwa naye tayari. Yuko fundi cherehani pale Mirontsy, Saidu, aliyewahi kumposa Hadija kabla yangu. Fundi, dada. Vitambaa vimemzunguka. Sikuhitaji shahidi.

Mama mwenye nyumba wangu hapa alinisaidia kuumia. Yeye ni Mngazija wa damu, mzaliwa wa kisiwa hiki cha Moroni, na tangu ugomvi uanze akisikia neno Nzuani anatema pembeni.

"Mimi nilikwambia," akasema. "Mwanamke wa kule ukimwacha wiki, amekusahau. Ukimwacha mwezi, amekumbuka mwingine."

"Hadija si hivyo."

"Hakuna aliye hivyo mpaka awe hivyo. Nipe boksi lolote nikuonyeshe linavyofunguliwa."

Hapo ndipo akili yangu ya kibiashara ilipoamka. Mali yangu kubwa dukani ni tepe za gundi, ambazo watu wa huku wanaziita skochi. Kwa wakati huu ambapo vitu vipya haviji, utepe ndiyo seremala, ndiyo fundi bomba, ndiyo daktari wa viatu. Kwa tepe zangu nimetengeneza mfereji wa mvua kwa chupa za plastiki, mguu wa kiti, mpini wa jembe, na ndoo ya mama mwenye nyumba iliyopasuka tumbo ambayo mpaka leo haidondoshi. Nikasema, nitafunga maboksi sawasawa, kila moja kwa utepe wake, na huyu mama ayafungue kwa siri kisha ayafunge. Nione utepe upi unamsaliti.

Alikubali haraka mno. "Nimefungua vya watu tangu hujazaliwa," akasema, akaweka birika jikoni.

Utepe wa plastiki, ule wa kahawia wanaofungia maboksi ya dukani, aliupitishia mvuke wa birika, ukajikunja wenyewe kama jani. Alipoubandika tena akausugua kwa kijiko, na mimi mwenye boksi sikujua. Tena huo ukikaa juani unakauka na kubanduka bila kuombwa. Mtu akiununua kwa ajili ya bati la nyumba namwambia ukweli, kisha namuuzia.

Utepe mweusi wa mafundi umeme aliuvuta polepole. Unanyumbuka kama mpira, unakuja wote bila kukatika. Ni mzuri kwa nyaya na mipini ya baiskeli, lakini kwenye boksi hauna msimamo. Ukipata mafuta kidogo unateleza, na ukikaribia moto unayeyuka. Niliwahi kuufunga kwenye mkono wa birika, tukanywa chai yenye ladha ya gari.

Nikamletea wa kijivu, wa kitambaa, mpana. Huo, dada, ndio dume. Ndoo inashika, kiti kinashika, ukifunga mtu nao atahitaji wakili. Nikasema hapa mama utalia. Akacheka. Akachovya kisu kwenye mafuta ya taa, akauchokoa ukingo, ukatoka mzima kama ngozi ya ndizi, gundi yake yote mgongoni. Akaurudisha. Ukashika kama mwanzo.

"Huu mzuri," akasema. "Una nguvu ya kufunga mara mbili. Mwizi anaupenda."

Nilisimama pale nikifikiri. Utepe ninaousifia watu kila siku kwa nguvu zake, nguvu zile zile zinamsaidia mwizi.

Wa mwisho ulikuwa wa karatasi, ule unaoulowesha kwa maji kama stempu, niliopata kwenye duka la daftari lililokuwa linafungwa. Hakuna anayeununua. Ukibebeshwa mzigo unachanika, ukinyeshewa ndiyo basi. Mama akajaribu mvuke, ukavimba. Akajaribu kisu, ukatoka na ngozi ya boksi, vipande vipande. Akajaribu kuurudisha, ukakataa, mikunjo na madoa kila mahali. Akautupa.

"Huu umbea mtupu," akasema.

Nikauchukua huo huo. Nikafunga boksi la Hadija: sabuni, kopo la maziwa, na gurudumu moja la utepe wa kijivu kwa sababu aliwahi kusema beseni lao limepasuka. Nikalizungushia karatasi kila ukingo, nikaandika jina langu juu ya kila mshono. Bweni Sitti alipoliona aliligeuza huku na huku.

"Hili unalipeleka kwa mke au kwa hakimu?"

"Kwa mke."

"Unamficha nini?"

"Simfichi. Nalinda."

Akalitia boksi kwapani. "Mfalme," akasema, lakini mara hii kwa huruma, nami nikaichukua ile huruma kuwa ni woga. Nikasema moyoni, yumo. Wamo wote wawili, yeye na fundi.

Aliporudi hakuleta kikaratasi. Alileta maneno matupu: "Mkeo anasema, njoo mwenyewe, au usitume tena."

Furaha niliyoipata ni ya mwenye mtego uliofyatuka. Nikasema mtiaji amekwama, amekasirika, siri inavuja. Nikafunga duka, nikaweka mfuko wa tepe zangu begani, nikaondoka na Bweni Sitti. Njia sikuandikii. Jua tu kwamba ilikuwa mchana kweupe, na kwamba mimi niliyefika Majunga na Mombasa nilitapika mpaka yule mama akanishika kichwa kama mtoto.

Mutsamudu walinisimamisha. Kijana mwenye rungu, redio imemning'inia shingoni, akamwaga mfuko wangu chini.

"Umetoka Moroni. Tepe zote hizi za nini?"

"Za kubandika."

"Kubandika nini?"

"Kilichokatika."

"Kama nini?"

Nikamwonyesha redio yake. Mfuniko wa betri ulikuwa umeshikiliwa na uzi. Nikakata utepe mweusi, nikauvuta, nikauzungusha. Akaitikisa, betri hazikuanguka. Akaitikisa tena karibu na sikio langu, kana kwamba nimetia kitu ndani.

"Pita," akasema. "Lakini watu wa Moroni usiwabandikie."

Mirontsy sikwenda kwa Hadija kwanza. Nilikwenda kwa Saidu. Nilimkuta kwenye cherehani yake akishona gunia la mchele kuwa suruali. Rafu za vitambaa tupu kabisa, buibui amefanya kazi kuliko yeye. Akafurahi kuniona, hilo ndilo lililonichoma.

"Shemeji wa bara," akasema. "Ndiye wewe unayeleta shiromani? Ninunulie hata pamba, basi. Mimi uzi natoa kwenye nguo za watoto wangu."

Nikamtazama mikono, nikamtazama macho. Mtu huyu asingeweza kumtumia mwanamke hata kitambaa cha jasho. Nikatoka pale bila adui, dada, na mtu mwenye hasira asiye na adui ni kama mtu mwenye kiatu kimoja.

Hadija alinipokea vizuri mlangoni, kwa sababu majirani walikuwa wanatazama. Ndani akabadilika.

"Umenifungia boksi kama maiti," akasema.

"Nilitaka kujua nani anafungua."

"Mimi."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Mimi ndiye ninayefungua. Bweni Sitti ananiletea kwanza kwa mlango wa nyuma. Nafungua, natia, nafunga, kisha anakuja nalo kwa mlango wa mbele, mashangazi wakiwa wamekaa mkekani. Hujui kwamba huku kitu cha mume hakifunguliwi peke yako? Kinafunguliwa mbele yao, kinainuliwa kimoja kimoja, kinatajwa, wanapiga vigelegele. Kisicho na mashahidi si zawadi. Ulitaka niinue sabuni?"

Akanivuta chumbani, akafungua kasha la marehemu mama yake. Nililiona siku ya harusi limejaa shiromani ambazo hazijawahi kuguswa, mama yule alimwekea binti yake moja moja tangu mtoto. Sasa chini kulikuwa na moja tu na harufu ya karafuu.

"Nyingine ziko wapi?"

"Ulinitumia," akasema. "Na zawadi ya mume inagawiwa kwa mashangazi. Hiyo iliyobaki ndiyo uliyokuwa bado hujanitumia."

Mara hii ya mwisho alikuwa ameishika tayari mkononi, boksi likakataa. Aligusa ukingo mmoja, karatasi ikachanika, jina langu likakatika vipande viwili. Mashangazi wako barazani wanamwita. Akalibeba vile vile. Ikatoka sabuni. Likatoka kopo. Ukatoka utepe. Hakuna aliyepiga kigelegele. Shangazi mkubwa, yule mwenye ulimi, akauinua utepe akauzungusha kidoleni.

"Mumeo amekuletea gundi," akasema. "Ameshaona ndoa inabanduka."

Baadaye wakamwita Hadija faragha, wakamwambia adai talaka. Mtu wa upande wa Moroni, anayejigamba duka, halafu anatuma sabuni, ana nini? Hadija akawaambia wangoje aje mwenyewe.

Nikachukua ile shiromani ya mwisho nikatoka nayo barazani. Mashangazi walikuwa wamekaa. Nikasema kwa Kinzuani changu kibovu kwamba hii ni ya marehemu mama yake Hadija, na zile nyingine pia, na kwamba mimi nilichotuma ni sabuni, maziwa, chai, sukari na gundi, basi. Nikasema wakitaka talaka waniambie mimi, wasimtume yeye.

Shangazi mkubwa akanitazama kama anayetafuta mshono.

"Unadhani hatujui?" akasema. "Ile nyekundu nilikuwa na mama yake dukani siku aliyoinunua. Mimi ndiye niliyemchagulia."

"Sasa mbona uliipokea?"

"Mtoto wa ndugu yangu aniinulie, mimi niseme ni mwongo, mbele ya watu? Nilipiga vigelegele, nikaenda zangu nikalia." Akainuka, akaenda kwake nyumba ya pili, akarudi na ile nyekundu imekunjwa vile vile, haijavaliwa. Akaitupa mapajani mwangu. "Hii mtumie tena. Kisha lete huo utepe wako, beseni langu nalo linavuja."

Wengine zao wameshazivaa, na siwalaumu. Talaka haikutajwa tena siku ile. Siwezi kukuapia haitatajwa kesho. Nilikaa Mirontsy nikibandika mabeseni na ndoo za ukoo mzima, na Hadija akikata utepe kwa meno pembeni yangu bila kunisemesha, mpaka akaniambia ukingo huo si sawa. Hapo nikajua nimesamehewa kidogo. Nimerudi Moroni kuchukua vitu vyangu tu. Nahamia kwake.

Njia ya mwongo fupi, dada, lakini mimi niliipita nyumba hadi nyumba. Njiani wakati wa kurudi, kichwa kikiwa mapajani mwa Bweni Sitti, ndipo nilipokumbuka miwani ya Mama. Uliponiandikia mara ya kwanza nilijiambia umechanganya, labda furaha. Sikukuuliza, kwa sababu kuuliza ni kukiri. Na kabla ya miwani kulikuwa na kile kitenge cha Idi. Na zile kandambili. Nilivipokea vyote kwa barua, nikajisifu navyo hapa kwa watu. Sasa najiuliza wewe umefungua kasha gani. Zile bangili zako bado unazivaa? Niambie kweli.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi. Nimekifunga kwa karatasi, kila mshono una jina langu. Usikifungue jikoni. Kifungue mbele ya Mama na yeyote aliyepo, na usiongeze kitu. Ndani mna sabuni mbili na utepe wa kijivu kwa ajili ya ndoo ya kisimani. Ukiubandika, hakikisha ndoo imekauka kabisa, uusugue kwa kijiko, uuache ulale. Na Mama usidhani hajui. Wanawake wakubwa wanajua siku nguo iliponunuliwa.

Nisalimie Mama kwa kumshika miguu. Nisalimie mjomba muuza tangawizi, na shangazi anayezijua habari kabla hazijatokea. Hii nayo atakuwa nayo. Wanao wote wabusu, na yule mdogo anayefanana nami mfundishe kazi mapema. Hadija anakusalimu, hajakuona lakini anasema anakujua.

Ni mimi mdogo wako, Athumani. Miwani uliinunua wewe. Na duka la milango miwili halipo, dada: ni meza ya tepe kando ya barabara, tena ya kuazima.